Njia za baiskeli za Lushoto: misitu, mashamba, na miteremko inayotaka breki za uhakika

Anayetaka kuendesha baiskeli ya mlima Tanzania, na ndani ya siku moja apite kwenye mashamba ya kabichi, msitu wa asili na ukingo wa jabali unaotazama nyika, aende Lushoto. Milima ya Usambara Magharibi inapandwa kwa barabara ya lami kutoka Mombo, na ukishafika juu unakuta nchi ya migongo na mabonde: barabara ya vumbi inafuata mgongo, kijito na bustani za mboga viko bondeni, na vijiji viko kati yake. Tambarare ya kunyoosha miguu kwa nusu saa hakuna. Unapanda dakika ishirini, unashuka dakika tano, unapanda tena.

Ndiyo maana wanaokwenda wakihofia pumzi zao wanahofia kisicho kikubwa. Mlima ukikushinda unashuka na kusukuma baiskeli. Hakuna kibaya kitakachotokea. Mteremko ukikushinda kwa sababu breki ni mbovu, hapo ni hatari. Tathmini hii ya njia tatu, pamoja na mteremko wa kurudi Mombo, imejengwa juu ya hilo.

Kwa jumla tunazipa njia hizi nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea sehemu mbili: alama za njia, na hali ya baiskeli za kukodi. Anayeujua msitu wa Karura jijini Nairobi amezoea kuona nguzo yenye namba kwenye kila njia panda. Lushoto hakuna kitu hicho. Ramani ya simu iliyopakuliwa kabla ya kuondoka mjini inasaidia sana, lakini vijia vya mashambani vinachepuka kila baada ya mita mia, na ramani haikuambii kipi kinaishia kwenye shamba la mtu. Kwa siku ya kwanza, chukua mwongozaji wa hapo hapo Lushoto. Ofisi zao haziko mbali na stendi ya mabasi.

Irente: nusu siku ya kuipima baiskeli

Kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita 6, unapitia Yoghoi. Barabara ni ya udongo, pana, ina makorongo madogo yaliyochimbwa na maji ya mvua upande wa ndani wa kona. Kwenda na kurudi pamoja na mapumziko ni saa tatu kwa mtu asiye na haraka. Uzuri wake ni mwisho wake: jabali linakatika ghafla, na karibu mita elfu moja chini unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge, na nyika inayokwenda mpaka macho yashindwe.

Hii ndiyo njia ya siku ya kwanza, hasa kwa baiskeli usiyoizoea. Miteremko yake ni mifupi, watu wako kila mahali, na kitu kikivunjika unarudi mjini kwa miguu. Hatua mia za mwisho kabla ya ukingo, shuka na uikokote baiskeli. Mwamba una changarawe juu yake na tairi linateleza bila kutoa taarifa. Beba fedha taslimu ndogondogo kwa kiingilio. Njiani liko shamba la Irente linalouza jibini, mkate wa shayiri nyeusi, jemu na juisi ya pasheni. Chakula cha pale ni kizuri kuliko biskuti zozote utakazobeba kutoka mjini, na bei haitakuumiza.

Magamba na Migambo: hapa ndipo penyewe

Ukiwa na siku moja tu, itumie huku. Kutoka Lushoto barabara inapanda kuelekea kaskazini hadi njia panda ya Magamba, kilomita 7 hivi, na mwinuko unaongezeka kama mita mia tatu. Kwa wastani ni mlima wa wastani, lakini wastani unadanganya: kuna vipande vikali kwenye kona na vipande vya kupumulia katikati. Usianze kwa nguvu. Chagua gia ambayo ungeweza kuongea nayo sentensi nzima bila kukatika pumzi, uibakie hiyo hiyo. Lushoto yenyewe iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga jana yake ataisikia tofauti kifuani.

Magamba ndipo msitu wa hifadhi unapoanza. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuingia ndani kuna ada. Mgeni na raia hawalipi sawa. Malipo ya serikali hufanywa kwa kontroo namba (namba maalumu ya malipo), kwa hiyo uwe na salio la kutosha kwenye simu na ufanye jambo hilo mapema, kabla mtandao haujakuchezea kule juu. Uliza pale pale ofisini ni barabara zipi za msituni zilizo wazi kwa baiskeli siku hiyo. Vijia vya waenda kwa miguu vimejaa mizizi, ni vyembamba, na kundi la watembeaji likitokea mbele yako kwenye kona hakuna pa kukwepea. Barabara za zamani za magogo ndizo za baiskeli: zina upana wa gari, zimefunikwa majani makavu, na mlima wake unastahimilika.

Pale njia panda, kushoto ni barabara ya Malindi na Mtae. Kulia ni Migambo na maporomoko ya Mkuzi. Shika kulia. Kuanzia hapo una kila kitu ambacho mwendesha baiskeli ya mlima anakitafuta. Msitu unakufunika, hewa inapoa, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya kichwa chako, kisha ghafla miti inaachia na unatokea kwenye mashamba ya viazi na mboga yaliyopangwa kwa ngazi hadi bondeni. Halafu miti tena. Maporomoko ya Mkuzi yako kama kilomita 15 kutoka Lushoto, na kurudi ni kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu kilomita 30. Aliye na mazoezi atatumia saa nne za kukanyaga. Asiye na mazoezi atenge sita, na aondoke mjini saa mbili asubuhi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, lakini chini ya miti mikubwa giza linaingia nusu saa nzima kabla ya hapo, na ukungu ukishuka linaingia mapema zaidi.

Tatizo la njia hii ni udongo. Kivulini haukauki. Siku tatu baada ya mvua, barabara ya mashambani imeshakauka na kupasuka, huku ile ya msituni bado ni sabuni. Ni udongo mwekundu wa mfinyanzi: ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji, ukilowa kidogo juu unateleza, ukilowa sana unaganda kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka ndani ya uma (mikono miwili ya chuma inayolishika). Tairi pana la inchi 2.4 linabeba udongo huo kuliko la inchi 2.1 lenye meno marefu yaliyoachana. Watu hununua tairi pana wakidhani litashika zaidi. Kwenye mchanga ni kweli, kwenye mfinyanzi ni kinyume. Udongo ukianza kujaa, usilazimishe kukanyaga. Gurudumu lililokwama huku mnyororo ukivutwa kwa nguvu ndilo linalopinda kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, na kipande hicho kila fremu ina cha kwake. Lushoto hutakipata. Kama baiskeli ni yako, beba cha akiba.

Mtae: siku mbili, kwa wenye miguu

Kutoka Lushoto hadi Mtae, kwa kupitia Magamba, Malindi na Lukozi, ni karibu kilomita 60, na njiani kuna misonobari ya shamba la miti la Shume. Kijiji cha Mtae kimekaa kwenye ncha ya milima, pande zote mbili kunaporomoka, na chini upande wa kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mandhari hayana mfano.

Lakini kama njia ya baiskeli tunaiweka ya pili. Ni barabara ya magari kwa sehemu kubwa. Malori ya mboga yanapita, na wakati wa kiangazi vumbi lake linakaa hewani dakika nzima. Anayeifanya kwa siku moja anafika usiku, amechoka, hajaona kitu. Gawanya: siku ya kwanza nenda na ulale Mtae, siku ya pili rudi na basi. Mabasi ya kutoka Mtae huondoka alfajiri sana, kwa hiyo ongea na kondakta jioni yake. Baiskeli ikipanda juu ya keria, toa pedali zote mbili (ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha ile ya kulia, yaani kwa mwelekeo wa saa), ilaze upande wa gia ukiwa juu, weka kipande cha boksi kati ya fremu na chuma, na uifunge kwa kamba zako mwenyewe sehemu tatu. Ukiilaza upande wa gia ukiwa chini, gia itafika imepinda.

Kushuka Mombo, na hesabu ya breki

Barabara ya lami ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kilomita 33, na unashuka karibu mita elfu moja. Wengi huifanya kama zawadi ya mwisho wa safari. Ni zawadi kweli, ila ifahamu kwanza.

Mtu na baiskeli na mkoba wakifika kilo 95, kushuka mita elfu moja kunatoa nishati ya kilojuli 930 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji ya bomba kunataka kilojuli 335. Upepo unachukua sehemu ya nishati hiyo, lakini ukishuka polepole kwa kuogopa, upepo unachukua kidogo na breki zinabeba karibu yote: joto la kuchemsha lita mbili na zaidi ya maji, kwenye pedi zenye ukubwa wa kidole gumba. Kwa breki za ringi joto hilo linaingia kwenye ringi, na mpira wa ndani unaweza kupasuka. Kwa breki za diski, pedi zinapoteza mshiko na kishikio kinaanza kuwa laini mkononi.

Dawa ni namna ya kushika. Usiburute breki muda wote. Acha baiskeli iende, kisha kabla ya kona shika mbele na nyuma kwa pamoja kwa nguvu, sekunde mbili au tatu, punguza mwendo hadi ujisikie salama, achia kabisa. Katika ule muda wa kuachia ndipo breki zinapoa. Simama Soni dakika kumi. Usimwagie maji diski yenye moto, itapinda. Na kwenye kona za barabara hii, kaa kushoto, usijaribu kulipita basi hata likienda taratibu, maana dereva hakuoni na upande wa pili hauonekani. Wakati wa mvua kubwa mawe na udongo huporomoka barabarani. Siku kama hiyo panda basi.

Baiskeli inayofaa

Gia ndogo ni muhimu kuliko shokapu nzuri. Baiskeli ya kisasa yenye jino 32 mbele na 51 nyuma, magurudumu ya inchi 29, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika inakwenda kilomita 5 na kidogo kwa saa. Baiskeli ya zamani ya inchi 26 yenye sahani tatu, 22 mbele na 34 nyuma, inakwenda takriban vivyo hivyo. Kwa hiyo usiidharau ya zamani. Unayopaswa kuikataa ni ile ambayo gia yake ndogo kabisa ni 28 kwa 28: kwa mizunguko hiyo hiyo inataka uende kilomita 7 na nusu kwa saa, na kwenye kona za Magamba utasukuma.

Upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 75, tairi la inchi 2.2 lenye mpira wa ndani, jaza paundi 30 mbele na 33 nyuma. Ukishusha chini ya 25 tairi linabanwa kati ya jiwe na ringi, na mpira unatoboka matundu mawili sambamba kama ya meno ya nyoka. Ukijaza 50, kama mafundi wengi wanavyopenda, baiskeli inarukaruka juu ya mawe na breki hazishiki chochote. Kwa tairi lisilo na mpira wa ndani, 22 na 25 zinatosha. Miiba ya migunga ni tatizo la chini huko Mombo, sio la juu. Ukianzia safari nyikani, kagua tairi kabla ya kupanda.

Baiskeli za kukodi zinatofautiana sana hata ndani ya ofisi moja. Nenda ukachague jioni ya kuamkia safari, wala si asubuhi watu wakiwa wamesimama wanakusubiri. Anza na breki: vuta kila kishikio hadi mwisho, na kati yake na usukani ibaki nafasi ya vidole viwili. Tazama pedi, za ringi ziwe na mifereji yake bado, za diski zisiwe nyembamba kuliko milimita 1. Tazama waya wa breki pale unapoingia kwenye kishikio: ukiona nyuzi zimeanza kukatika, hiyo baiskeli haishuki mlima. Kisha shika breki ya mbele na uitikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni, beringi zimelegea. Shika gurudumu juu na ulitikise pembeni. Bana spoku mbilimbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima, iliyolegea utaijua. Mwisho, panda kilima cha karibu kwa gia ndogo kabisa ukiwa umesimama kwenye pedali. Mnyororo ukiruka hapo, utaruka siku nzima, na dawa yake ni kubadilisha mnyororo na meno ya nyuma kwa pamoja, kazi ambayo haitafanyika asubuhi ya safari. Chagua nyingine.

Mkobani: mipira ya ndani miwili ya saizi ya magurudumu yako, viraka na gundi, pampu iliyojaribiwa na vali hiyo hiyo, vitoa tairi viwili, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kikata mnyororo na kiungo cha akiba, na kitambaa. Ongeza kipande cha mti cha kukwangulia udongo. Hicho ndicho kifaa utakachokitumia kuliko vyote. Jioni, suuza mnyororo kwa maji, ufute ukauke, tia tone moja la oili nyepesi kwenye kila kiungo, subiri dakika kumi, futa ya nje yote. Oili nzito ya injini inashika mchanga, na kwa njia hizi mchanga na oili vinakuwa msasa.

Maji chukua lita mbili kwa njia ya Magamba, tatu kwa Mtae. Koti jepesi la mvua ni la mwaka mzima. Kuanzia Juni hadi Agosti ongeza glavu za vidole vizima, kwa sababu asubuhi baridi ya Lushoto inakutia ganzi vidoleni, na vidole vyenye ganzi havivuti breki. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei usiende na baiskeli. Vuli inawezekana, ukikubali kupoteza siku moja au mbili.

Njia ni za wenyeji

Vijia vya mashambani ni njia za kwenda shambani, kisimani na shuleni. Mwenye mzigo kichwani ana haki ya njia, apande au ashuke. Simama, weka mguu chini, msalimie, apite. Kengele ipige mbali, usiipige mgongoni kwa mtu. Mbuzi aliyefungwa kamba huvuka njia wakati usiofaa, na kamba huioni mpaka umeifikia.

Na yale matuta ya makinga maji, usiyakate kamwe kwa tairi hata kama njia ya mkato inaonekana. Watu wa Lushoto wameyajenga na kuyatunza kwa mikono, na kazi ya kuuhifadhi udongo wa milima hii imewachukua miaka mingi. Mstari mmoja wa tairi ukishuka kwenye tuta unakuwa mfereji mvua ya kwanza ikinyesha, na mfereji huo unaondoka na shamba la mtu. Kijia kikiishia kwenye tuta, geuza baiskeli, urudi hadi njia panda uliyoipita, ukaulize.